Taa ya Tatu

Malakia, Juba
29 Desemba 2013

Kwako Mama Lodu,

Mimi ni mzima. Nyumba ni nzima, isipokuwa kioo cha dirisha la jikoni na mabati mawili ya rakuba, kile kibanda cha uani, yaliyotobolewa na risasi. Kuku wamebaki watatu. Naandika barua kwa sababu simu yangu ilichukuliwa na askari pale darajani tarehe kumi na nane, nikirudi kutoka Gumbo kutafuta unga. Mmoja wao aliniambia nishukuru kwamba wamechukua simu tu. Nikashukuru.

Sasa jambo ambalo sitaki kukuficha. Kile kisanduku cha intaneti cha sebuleni, ulichokifunika kwa kitambaa chako cheupe cha kufuma, nimekiharibu. Siku wewe na bibi yake Lodu mnapanda gari la dereva Konga kwenda Gulu, ulinishika mkono mimi mchota maji wenu wa chumba cha nyuma, ukasema, "Ponsiano, taa zote tatu ziwake. Lodu atapiga namba ya nyumba." Ya kwanza ya umeme, ya pili ya mtandao, ya tatu yenye picha ya simu. Nilizilinda vizuri hadi tarehe ishirini na mbili. Siku hiyo ya tatu ikawa nyekundu. Nikageuza kisanduku, nikaona tundu dogo nyuma. Redio niliyokuwa nayo Mumias, wakati nakata miwa, ilikuwa na tundu kama lile, na ilipokorofisha tuliichoma hapo ikapona. Nikachoma kwa sindano, nikashikilia. Taa zote zikazima. Mbili zikarudi, ya tatu haikurudi.

Nilimwita Biar, huyu jirani aliyekulia Kakuma, anayeuza laini za simu sokoni. Alitazama akasema, "Wewe umempiga mtu nyundo ya kichwa. Sasa hajui hata jina lake."

Najua uzito wake. Lodu aliondoka bandarini tarehe ishirini na saba Novemba na lile tishari la simenti na mtama, akiwa fundi wa injini, na huko kaskazini simu za mkononi hazipatikani. Kama yuko hai, namba anayoijua kwa kichwa ni hii moja. Sina la kujitetea. Niambie la kufanya.

Ni mimi,
Ponsiano


Gulu
4 Januari 2014

Ponsiano, Baba Kisakye,

Konga alileta barua yako ndani ya kofia yake. Nilikaa nayo siku nzima kabla ya kujibu, kwa sababu jibu la kwanza lililonijia halifai kuandikiwa mtu mzima.

Sijawahi kukueleza kwa nini namba hii. Mwaka tuliokimbilia Kitale, kaka yangu Lagu alibaki nyuma na hakuwa na mahali pa kututafuta. Miaka sita tulimwombea kama marehemu. Naye alikuwa Khartoum, mzima, anatuombea sisi kama marehemu. Ndiyo maana baada ya uhuru, nilipojenga Malakia, niliichukua namba hii kwa kampuni ya simu za intaneti ya Nairobi kabla sijanunua hata meza. Nikamkaririsha Lodu kama sala, mwanaume wa miaka ishirini na mitano, akinicheka.

Nimekwenda kwa Cissy, mwenye duka la intaneti karibu na stendi hapa. Amewaandikia wale wa Nairobi, wametuma maelezo kwa Kiingereza, amenisomea, nami nakuandikia kwa Kiswahili chetu. Fanya hivi. Kompyuta ya Lodu iko chini ya kitanda changu, ndani ya sanduku la nguo. Iunge na kisanduku kwa ule waya wa manjano. Pale juu kabisa ambapo mtu huandika anwani, andika 192.168.1.1. Kitakuuliza jina na neno la siri la kisanduku chenyewe, ambavyo vimebandikwa chini ya tumbo lake. Ukiingia, tafuta penye picha ya simu, ubonyeze. Utaona vyumba vinne vya kujaza. Cha kwanza ni namba yetu. Cha pili ni jina la seva, yaani mashine yao inayopokea simu kabla ya kutuletea. Cha tatu ni namba yetu tena, usishangae. Cha nne ni neno la siri la simu. Vyote nimeviandika kwenye karatasi ya pili kwa kalamu nyekundu. Halafu bonyeza kile kitufe cha chini upande wa kulia ili kihifadhi, zima kisanduku, hesabu hadi thelathini, washa. Usihesabu haraka.

Kitambaa kiondoe. Cissy alicheka sana. Anasema muda wote huo nilikuwa nakipika.

Karatasi ya pili ukimaliza ichome.

Poni, Mama Lodu


Malakia
9 Januari 2014

Mama Lodu,

Taa ya tatu imewaka. Ilinichukua siku mbili.

Vidole vyangu vimezoea magunia. Nikibonyeza herufi moja zinatoka mbili. Lakini kilichonichelewesha ni chumba cha nne. Kila nikiandika neno la siri kinaonyesha nukta tu, nukta, nukta. Nikajua kimekataa. Nikafuta, nikaandika upya, mara sita, nikaanza kukitukana. Biar alikuwa anapita nje ya dirisha. "Unamtukana nani?" Nikamwonyesha. Akacheka hadi akakaa chini kwenye kizingiti. "Mzee, kimekubali zamani! Kinaficha siri yako usiibiwe!" Nikamuuliza aibe nani, nyumba nzima niko peke yangu. Akasema, "Ndiyo hivyo. Hakikuamini hata wewe."

Kuhesabu pia kulinishinda kidogo. Nilihesabu Kiluganda kwa sababu namba zangu za darasani ziliishia huko. Nilipofika kumi na tisa bunduki zilianza upande wa kambi ya jeshi. Ziliponyamaza sikukumbuka nilikuwa wapi. Nikaanza tena moja.

Karatasi sikuichoma. Nimeishonea ndani ya mkanda wa suruali, kwa sababu kichwa changu si cha kuaminiwa.

Nina ombi. Mke wangu Norah alijifungua tarehe mbili, huko Kyotera. Nimesikia kwa Mganda mmoja wa sokoni, na naye hakujua kama ni mvulana au msichana. Naomba nimpe Norah namba hii apige mara moja tu, Jumapili, dakika mbili.

Ponsiano


Gulu
13 Januari 2014

Baba Kisakye,

Mungu akubariki kwa taa hiyo. Na hongera kwa mtoto.

Kuhusu Norah jibu ni hapana. Malesh, unisamehe. Namba hii ni njia ya mtu mmoja. Huyo mmoja akipiga akakuta inatumika, hatujui kama atapata nafasi ya pili. Mimi mwenyewe sipigi, na unajua ninavyotamani kusikia habari za nyumba. Mwandikie, Konga atatia barua posta hapa.

Nitapiga mara moja tu kujaribu. Jumapili tarehe kumi na tisa saa tisa alasiri itaita mara tatu kisha nitakata. Usipokee. Ukipokea nitaanza kuongea, najijua.

Kaa hadi Lodu apige. Akishapiga uko huru, na sitakuzuia hata dakika moja.

Poni


Malakia
20 Januari 2014

Mama Lodu,

Iliita mara tatu. Nilisimama mbele yake na mikono nyuma, kama tulivyosimama mbele ya mwalimu mkuu. Sikupokea. Baada ya kunyamaza niliendelea kusimama.

Sasa nisikilize. Waganda wamekwisha kuondoka. Mabasi yalikuja Desemba, wengine wakapanda malori. Wale niliokuwa nabeba nao mizigo bandarini hayupo hata mmoja, na kazi yenyewe haipo kwa sababu hakuna tishari linalokwenda kaskazini. Konga alipoleta barua yako alinitazama kama anatazama ng'ombe barabarani. "We Muganda, bado iko hapa tu? Unachunga nini?" Nikasema nachunga simu. "Simu inatembea?" Nikasema haitembei, ndiyo maana ninachunga. Alicheka, lakini hakunidhihaki tena.

Nyumba ya Pitia, hapa ubavuni, imeingiliwa. Askari kumi na mmoja. Mlango wa mbele wameupasua wakaupikia maharage. Waliniuliza kupitia ukuta hii ni nyumba ya nani. Nikasema mwenyewe yuko sokoni anarudi.

Mimi nataka kwenda nyumbani. Nakuambia wazi. Nina homa ya vipindi na kuna mtoto ambaye sijui jina lake. Lakini naelewa pia kwamba namba ni kama kisima. Huwezi kukikunja ukakipakia garini. Iko katika nyumba hii, na Lodu ataitafuta katika nyumba hii, na lazima pawe na mtu. Basi nitakaa. Nipe tarehe tu. Hata ikiwa mbali, nipe.

Ponsiano


Gulu
27 Januari 2014

Ponsiano,

Kaa bado. Washa moto kila jioni ili moshi uonekane. Nyumba isiyo na moshi huingiwa. Fagia mbele ya lango, anika nguo hata kama hazijachafuka, anika na za kike, ziko kwenye sanduku.

Kisanduku kiache kilivyo. Kama taa ya tatu ikizima siku fulani usihangaike nayo. Mtandao wa siku hizi ndivyo ulivyo.

Tarehe siwezi kukupa.

Nimempelekea Norah sabuni na khanga kwa gari la Masaka.

Poni


Malakia
6 Februari 2014

Mama Lodu,

Umesema nisihangaike na taa. Nimehangaika.

Ilizima tarehe ishirini na tano, hata kabla barua yako haijafika. Hii si kama ile ya sindano, sijagusa kitu. Taa ya umeme iko, ya mtandao iko, ya tatu imekufa. Nikafungua kompyuta nikaona vyumba vyote vinne vimejaa sawasawa. Nikavifuta, nikachomoa karatasi mkandani, nikajaza upya, nikahifadhi, nikazima, thelathini, nikawasha. Ikawaka. Nikalala nimefurahi. Asubuhi imezima tena.

Tangu hapo ndiyo kazi yangu. Jioni naiwasha, asubuhi inakufa, jioni naiwasha. Nimefanya mara kumi na tatu. Siangalii tena karatasi, vidole vimekwisha kujua njia. Na thelathini naijua sasa. Ni sawa na mtu kutoka langoni hadi kisimani asipobeba kitu.

Nadhani ni ile sindano. Nilikitoa akili, na kila ninayokirudishia inavuja. Kosa ni langu, kwa hiyo naliziba kila siku hadi Lodu apige. Hakuna njia nyingine ninayoijua.

Askari wa kwa Pitia walikuja kutazama betri ya sola. Nikawaambia ni ya kanisa. Mmoja akauliza kanisa gani. Nikamjibu kanisa letu. Wakaenda, lakini wataulizana.

Norah ameandika. Anauliza kama nimekufa. Amepelekewa sabuni na khanga na mtu asiyemjua, bila maelezo, na kwetu vitu vile hupelekwa kwa mjane. Nimemjibu kwamba sijafa. Nieleze na mimi, ile sabuni ilikuwa ya nini?

Mtoto ni msichana. Bado anasubiri nimpe jina.

Ponsiano


Gulu
11 Februari 2014

Ponsiano,

Acha kukigusa hicho kisanduku. Usijaze kitu, usizime usiwashe. Chomoa kabisa waya wa umeme ukiweke kabatini. Ukisoma mstari huu simama uchomoe, ndipo uendelee kusoma.

Nina sababu yangu ambayo nitakueleza tukionana.

Lakini nyumba usiiache. Nakuomba kama dada yako. Miaka kumi na minne niliishi kwenye nyumba za watu.

Poni


Malakia
15 Februari 2014

Mama Lodu,

Lodu yuko hai. Naliweka mbele hili ili usipate shida kulitafuta.

Alipiga Jumatano tarehe kumi na mbili, saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nimetoka tu kuhesabu thelathini na nimewasha. Taa ya tatu ilikuwa bado haijatulia vizuri. Simu ikaita. Nikasubiri milio mitatu, kwa mazoea. Ikaita wa nne. Nikapokea.

Akasema, "Mama?"

Nikasema si Mama, ni Ponsiano.

"Ponsiano gani?"

"Wa maji. Wa chumba cha nyuma."

Akacheka kidogo. Akauliza kama uko hai. Nikamwambia uko Gulu na bibi yake, wote wazima. Akasema, "Mpe simu." Nikarudia kwamba uko Gulu. Akasema, "Sasa nimepiga wapi?" Nikasema umepiga nyumbani.

Nimeandika mengine yote kwenye ukuta kwa mkaa mara alipokata, ili nisiongeze wala kupunguza. Yuko Melut kambini. Tishari lao lilichukuliwa na watu wenye silaha kabla ya Krismasi. Yeye na nahodha Majok walitembea siku tisa. Majok yuko naye. Lodu amepoteza kidole kimoja cha mguu wa kushoto, na kidonda kimefunga. Anakula. Simu ni ya watu wa misaada, inaelekezwa juu mbinguni, kila mtu dakika tatu na nyuma yake kuna foleni. Atapiga tena Jumatano ijayo, tarehe kumi na tisa, saa ileile. Mwishoni alikohoa. Sijui kama alikuwa analia au anakohoa. Kwenye simu ile vinafanana.

Nikakaa siku mbili nikiwa mtu aliyemaliza kazi yake. Jana Konga akafika na barua yako.

Kabla sijaifungua akaniuliza, "Sasa nyinyi mnashindana nini na Mama Lodu?" Nikasema hatushindani. Akasema, "Yeye iko na kisanduku kama yako. Cissy alimtafutia, tangu mwezi ya kwanza. Na simu juu ya meza, na kitambaa, Cissy anakitoa, yeye anarudisha. Asubuhi taa inawaka, anakaa mbele yake mpaka chai inapoa. Jioni inakufa. Cissy anaiwasha tena. Juzi alilia pale dukani, ati kuna mtu Juba anaivuta."

Nikaenda kwa Biar sokoni. Nikamuuliza namba inakaa wapi. Akasema, "Nairobi, kwenye mashine yao. Ile karatasi yako nyekundu ndiyo namba. Ukiijaza kwenye kisanduku cha Gulu, inalia Gulu. Ukiijaza mwezini, inalia mwezini. Ila inakubali kisanduku kimoja tu. Aliyeingia mwisho ndiye anayeshika." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tangu Januari. Akasema hakuna aliyemuuliza. Ni kweli. Mimi nilikuwa na kisima kichwani.

Basi nimeelewa. Tarehe ishirini na tano Cissy aliijaza kwenu, yangu ikafa. Jioni mimi nikajaza, yako ikafa. Wiki tatu tumevutana hivyo, mimi nikidhani naziba kosa langu. Na ile sabuni nimeielewa pia, ilikuwa malipo ya kunibakiza hapa.

Ungeniandikia mstari mmoja ile tarehe ishirini na saba, ningechomoa waya siku hiyohiyo. Jumatano ingelia mezani kwako. Neno "Mama" ungelisikia wewe. Nimelisikia mimi. Alilisema kama mtu anayebisha mlango wa nyumba ambayo hana hakika kama bado ina watu. Hivyo ndivyo ninavyoweza kuliandika, na sivyo lilivyokuwa. Sikuandikii hili ili likuume. Nakuandikia kwa sababu ni lako.

Nilikaa kwa ajili ya simu. Kwa ajili ya nyumba nisingekaa. Ungeniuliza ningekataa, nawe ulijua, ndiyo maana hukuuliza. Simlaumu mtu anayependa nyumba yake. Nimeipenda na mimi kidogo, nimeifagia sana. Lakini si yangu, na risasi haziulizi.

Ufunguo nimempa Biar. Mama yake na dada zake watahamia kesho, kwao paa limeungua. Moshi utakuwepo, na nguo za kike za kweli kwenye kamba. Kuku wamebaki wawili, nimewaachia.

Konga anaondoka alfajiri nami nimo. Tutapita Gulu mchana. Atakuletea barua hii na karatasi nyekundu. Mimi sitashuka garini, na nakuomba usije barabarani. Nina safari ndefu mbele na sitaki kuianza kwa maneno ambayo wote wawili tutayajutia. Mwambie Cissy aache taa iwake hadi Jumatano na asikubali kitambaa.

Mtoto wangu nitamchagulia jina nikimwona uso.

Kompyuta nimeirudisha kwenye sanduku la nguo. Nimechomoa kisanduku. Safari hii sikuhesabu.

Ponsiano